Gia Ngumu au Liva Iliyolegea kwenye Mazda MX-5 ya Kwanza: Mwongozo Kamili

Ujumbe huwa ni uleule. Mtu ana MX-5 ya mwanzo, ile ya taa zinazochomoza kwenye boneti, na liva ya gia imekuwa kama mwiko ndani ya sufuria ya ugali: inazunguka, inakwama, haijulikani iko wapi. Ameshabadilisha oili ya giaboksi. Pengine ameshanunua na liva fupi. Bado. Sasa anauliza atafute giaboksi nzima iliyotumika?

Usitafute. Kati ya watu walioniandikia, wengi walikuwa wameruka moja ya mambo mawili. Kwanza, chini ya liva kuna kikombe kidogo chenye oili yake peke yake, ambacho hakijazwi unapojaza giaboksi. Pili, klachi ilikuwa haiachii vizuri, wakailaumu gia. Fuata hatua kwa mpangilio nilioupanga hapa. Ukianza na ya nne kwa sababu ndiyo rahisi, utarudi tena kuniuliza.

Mwongozo huu ni wa MX-5 aina ya NA, iliyotengenezwa kuanzia 1989 hadi 1997, injini ya 1.6 au 1.8, yenye gia tano. Kama yako iliuzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster, ni gari lilelile. Waliobahatika kuipata yenye usukani wa kulia watabadilisha kwa mkono wa kushoto. Ndugu zetu wa Muscat na Toronto kwa mkono wa kulia. Kazi haibadiliki.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kugusa boliti

Vya kununua:

- Oili ya gia 75W-90 yenye daraja la GL-4, lita mbili na nusu. Giaboksi inachukua lita 2, kikombe kinachukua kidogo, na nyingine itamwagika, utake usitake.
- Seti ya kutengeneza liva: mpira mkubwa, mpira mdogo, bushi ya nailoni ya ncha ya chini na washa ya mawimbi. Huuzwa pamoja.
- Mafuta ya breki DOT 3 au DOT 4, chupa ambayo haijafunguliwa.
- Masta ya chini ya klachi, yaani silinda ndogo kwenye giaboksi inayosukuma klachi iachie ukikanyaga pedeli. Usiinunue bado, subiri matokeo ya hatua ya kwanza.

Vya kuazima kwa fundi ikiwa huna:

- Soketi za 8, 10, 12, 14, 23 na 24, na ekstensheni ndefu.
- Bisibisi ya nyota.
- Bomba kubwa la sindano lenye mpira mwembamba mbele. La mililita 60 linatosha.
- Stendi nne za jeki. Nne kweli, nitaeleza kwa nini.
- Beseni, matambara mengi, na koleo jembamba au kibanio cha nyusi.

Hicho kibanio utakishukuru kwenye hatua ya pili.

## Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa si wa klachi

Hapa usiwe na haraka, maana hatua hii haina gharama na inaokoa fedha nyingi.

Zima injini. Kanyaga klachi, pitisha liva kwenye gia zote, kuanzia ya kwanza hadi ya tano, kisha rivasi. Sikiliza mkono wako. Sasa washa injini, iache ipate moto, halafu rudia gari likiwa limesimama.

Soma matokeo hivi:

Gia zinaingia vizuri injini ikiwa imezimwa, lakini ni ngumu ikiwaka, hasa ya kwanza na rivasi: klachi haiachii. Giaboksi haina kosa. Unalazimisha gia kuingia kwenye shafti ambayo bado inazungushwa na injini.

Ni ngumu au zimelegea hali zote mbili: tatizo liko kwenye liva na kikombe chake. Nenda hatua ya 2.

Zote nzuri isipokuwa ya pili, nayo hukwaruza asubuhi tu: kwa walio kwenye baridi hili ni jambo la kawaida, gari hizi zinajulikana kwa gia ya pili inayogoma mpaka oili ipate joto. Kwa aliye Mombasa au Dar es Salaam, kisingizio cha baridi hakipo. Ya pili ikikwaruza mchana wa jua kali, pete ya sinkronaiza, ile inayolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, imeanza kuchoka. Mwongozo huu utapunguza makali yake, hautaiponya.

Gia inaruka yenyewe na kurudi nyutro ukiachia mafuta: hiyo ni kazi ya ndani. Funga kisanduku cha spana, umwone fundi wa giaboksi.

### Ikiwa ni klachi

Ingia chini ya gari ukiwa na tochi. Masta ya chini imefungwa kwa boliti mbili upande wa kulia wa giaboksi, karibu na injini. Kwenye ncha yake kuna mpira wa kuzuia vumbi. Inua ukingo wa mpira huo taratibu kwa bisibisi. Ikitoka hata tone moja la majimaji, sili za ndani zimekwisha. Ni ugonjwa wa kawaida kabisa wa gari hili, wala usione umeonewa.

Badilisha masta hiyo. Kama ya juu, ile iliyo ukutani nyuma ya injini, nayo ni ya zamani, badilisha zote mbili kwa pamoja. Ukiweka mpya moja tu, ile iliyobaki mara nyingi haikawii kufuata, na utatoa hewa mara mbili.

Kutoa hewa kunahitaji watu wawili. Mmoja anakanyaga pedeli mpaka chini na kuishikilia. Mwingine, chini ya gari, anafungua skrubu ya kutolea hewa kwa nusu mzunguko, majimaji yenye mapovu yanatoka kupitia mpira hadi kwenye chupa, anafunga, *ndipo* aliye juu anaachia. Kubalianeni maneno kabla ya kuanza: "kanyaga" na "achia", basi. Aliye juu akiachia skrubu ikiwa wazi, hewa inarudi ndani na mnaanza upya.

Tahadhari: Chombo cha mafuta ya klachi ni kidogo sana. Kiangalie kila baada ya kukanyaga mara tano. Na majimaji haya hula rangi ya gari. Yakimwagika, mwagia maji mengi papo hapo, usifute kwa tambara kavu.

Utajua umefaulu: gari likiwa tambarare, injini inawaka, kanyaga klachi, hesabu mpaka tatu, weka rivasi. Iingie bila kelele. Kisha weka ya kwanza huku klachi ikiwa chini: gari lisijaribu hata kidogo kusogea. Fanya jaribio hili pasipokuwa na mtu wala ukuta mbele yako.

Watu kadhaa wameishia hapa na kuuza liva fupi waliyokuwa wameagiza.

## Hatua ya 2: Kikombe cha liva

Hii ndiyo kazi yenyewe. Inafanyika ukiwa ndani ya gari, hakuna jeki, na ukiwa mpole inakuchukua saa mbili au tatu. Gari liwe limepoa. Breki ya mkono juu, liva kwenye nyutro. Nyutro ni lazima, la sivyo liva haitatoka na utadhani imekwama.

2.1 Fungua kirungu (kile unachokishika juu ya liva) na konsoli (plastiki iliyo katikati ya viti). Kirungu kinazungushwa kwa mkono kinyume cha saa. Kikigoma, kifunge tambara ulilolowesha maji ya moto, ungoje dakika chache. Konsoli imeshikwa na skrubu za nyota: tafuta pembeni kwa mbele, na ndani ya sehemu za kuwekea vitu. Ukiona konsoli haitoki, kuna skrubu hujaiona. Plastiki ya miaka thelathini haivutwi, inavunjika. Kabla ya kuitoa kabisa, chomoa soketi za swichi za vioo.

2.2 Toa mpira mkubwa. Umeshikwa na boliti nne za kichwa cha 10. Ukiuinua utaona mpira wa pili, mdogo, umekaa moja kwa moja kwenye liva. Uchunguze kwa makini. Ukiwa umepasuka, na mara nyingi umepasuka, umeshapata jibu la maswali mawili: kwa nini ndani ya gari kunanuka oili ya gia, na kwa nini mguu wako unaungua safari ikiwa ndefu. Joto la giaboksi na bomba la moshi lilikuwa linapanda kupitia tundu hilo.

2.3 Safisha kwanza. Kabla ya kufungua boliti za ndani, futa mchanga na vumbi lote linalozunguka. Chochote kitakachodondoka baada ya hapo kinadondokea mahali pabaya.

2.4 Toa liva. Fungua boliti tatu zinazoshika bamba la liva, kisha vuta liva juu moja kwa moja. Itatoka na washa ya mawimbi. Kumbuka ilivyokaa, piga picha kwa simu. Ziba tundu kwa tambara safi papo hapo.

2.5 Tazama ncha ya chini ya liva. Kuna kitufe kidogo cha chuma, na juu yake inatakiwa iwepo bushi ya nailoni kama kofia. Ikiwepo na imechakaa, ndiyo iliyokuwa inalegeza liva yako. *Isipokuwepo*, usifurahi kwamba umerahisishiwa kazi. Imevunjika na vipande vimebaki ndani ya kikombe.

Mimi mara ya kwanza sikujua hili. Niliweka bushi mpya, nikajaza oili, nikafunga kila kitu, nikaondoka nikipiga mluzi. Gia ya tatu ilikataa kuingia kabla sijafika barabara kuu. Kipande cha nailoni cha ukubwa wa punje ya mchele kilikuwa kimelala kwenye njia ya liva. Nilivua konsoli yote tena siku hiyohiyo, kwenye jua, na bila mluzi.

2.6 Nyonya oili chakavu. Ingiza mpira wa bomba la sindano, nyonya yote. Usishangae ikitoka nyeusi kama lami nyembamba, au isitoke kabisa. Kikombe kikavu ndicho kinachofanya liva iwe na ule ugumu wa chuma juu ya chuma. Mulika tochi, tafuta vipande vya nailoni, uvitoe kwa kibanio. Futa kwa tambara lisilotoa nyuzi. Usipulize dawa ya kusafishia kwa fujo. Kuna sili chini na huitaki ikauke.

Bakuli la nailoni ambalo tufe kubwa la liva hukalia, liguse kwa kidole. Likiwa laini na zima, liache lilivyo. Lenye ufa libadilishwe.

2.7 Jaza upya. Mimina 75W-90, kati ya mililita 80 na 90. Pima kwa bomba la sindano, usikadirie. Ikizidi, oili itasukumwa juu kwenye mpira mdogo na harufu itarudi. Ikipungua, umefanya kazi bure.

Wapo wanaopaka grisi nzito badala ya oili wakidhani itadumu. Grisi husukumwa pembeni na liva na hairudi, ikakaa ukutani huku katikati pakikauka. Paka kidogo tu kwenye tufe na ndani ya bushi mpya, ili isidondoke unaporudisha.

2.8 Rudisha liva. Weka bushi mpya kwenye ncha, mpira mdogo mpya kwenye liva, kisha ishushe wima. Kwenye tufe kuna mfereji unaopaswa kukutana na pini iliyo kwenye kikombe. Liva ikikaa vizuri utaihisi inashuka kidogo na kutulia. Usitumie boliti kuilazimisha ishuke.

Tahadhari: Boliti hizi zinaingia kwenye alumini. Zianze kwa vidole, zikaze kwa soketi ndogo ukitumia kiganja tu. Ukizikaza kama nati za gurudumu utaua nyuzi, na hapo kazi ya saa mbili inageuka ya wiki mbili.

2.9 Jaribu kabla ya kufunga konsoli. Injini ikiwa imezimwa, pitisha gia zote. Hakikisha mpira mdogo hauvutwi na kukunjika liva ikiwa ya tano na rivasi. Kila kitu kikiwa sawa, funga.

Utajua umefaulu: liva ikiwa kwenye gia, isicheze ovyo kushoto na kulia. Ikiwa nyutro, irudi yenyewe katikati ukiiachia. Kila gia iingie kwa mguso mfupi unaousikia kiganjani, kama kitasa kizuri cha mlango.

## Hatua ya 3: Oili ya giaboksi

Sasa ndiyo zamu ya jambo ambalo wengi huanza nalo.

Kuhusu GL-4 na GL-5: kitabu cha gari kinaruhusu zote. Lakini nguvu ya GL-5 iko kwenye viungo vya salfa na fosforasi vilivyokusudiwa meno ya difu, na kwenye pete za shaba za sinkronaiza utelezi huo si faida. Pete hizo zinahitaji msuguano kidogo ili zilinganishe mwendo wa gia. Kwa hiyo mimi huweka GL-4. Muuzaji akikuambia "ni ileile tu", geuza chupa usome mwenyewe. Difu nayo iwekewe GL-5, usiyachanganye makopo.

Endesha dakika kumi na tano ili oili ilegee. Inua gari lote na uliweke juu ya stendi nne liwe sawa mbele na nyuma. Ukiinua mbele pekee, oili italala nyuma na kipimo kitakudanganya. Na usilale chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Plagi ya kujazia iko ubavuni, ya kumwagia iko chini. Fungua ya kujazia kwanza. Ikigoma, bado una oili ndani na unaweza kuendesha mpaka kwa fundi. Wapo waliomwaga kwanza, kisha wakagundua ya juu haifunguki, gari likabaki hewani bila tone la oili.

Mwaga ingali na joto, ukijihadhari na bomba la moshi lililo karibu. Tazama kilichotoka. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Kumeta kwa dhahabu ni shaba ya pete za sinkronaiza. Kidogo si neno. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni habari nyingine.

Funga plagi ya chini, kisha jaza kwa bomba la sindano au pampu mpaka oili ianze kuchuruzika kutoka tundu la juu. Iache ichuruzike mpaka ikome. Hicho ndicho kipimo. Funga.

Usitarajie muujiza siku hiyohiyo. Endesha kama kilomita mia hivi ndipo uhukumu.

## Hatua ya 4: Liva inayotikisika na mwendo

Kama liva inasogea mbele na nyuma kila ukikanyaga au kuachia mafuta, shida haiko kwenye gia. Giaboksi ya gari hili haina mauntini yake, yaani kishikio cha mpira cha kuifunga kwenye bodi. Inashikiliwa na injini kwa mbele, na kwa nyuma na fremu ndefu ya alumini inayoiunganisha na difu. Mauntini mbili za injini zikilegea, au bushi za difu zikichoka, mkusanyiko wote unayumba na liva inakuletea habari.

Fungua boneti, mwambie mwenzako ashike breki sawasawa na kuachia klachi kidogo tu kwenye gia ya kwanza, wewe ukiwa umesimama pembeni, si mbele. Injini ikiruka kwa kiasi cha kukushtua, mauntini zimekwisha. Usifungue boliti za ile fremu kwa kubahatisha. Inawekwa kwa kipimo, na ikikaa vibaya utapata mtetemo mpya usiokuwepo.

## Liva fupi na kirungu kizito

Kirungu kizito kinasaidia kweli, kwa sababu uzito wake unaendeleza mwendo wa mkono na kupita vile vikwazo vidogo. Nyuzi zake ni M10 kwa 1.25. Ila cha chuma kitupu, ukiacha gari kwenye jua la saa saba mchana, utakishika kwa kanga.

Liva fupi sikukatazi, lakini elewa unachonunua. Inapunguza umbali wa mkono kwa kuongeza nguvu unayotumia, na nguvu hiyo inaishia kwenye pete za sinkronaiza. Ukiiweka juu ya kikombe kikavu, utakuwa na liva ngumu zaidi inayosafiri kidogo. Ngoja mwezi baada ya hatua ya 2. Ukiona bado unaitaka, nunua.

## Wiki ya kwanza

Usiendeshe huku mkono umelala juu ya liva. Uzito huo unasukuma uma wa ndani, ule unaosogeza gia, na kuusaga. Asubuhi ya baridi, ya pili ikigoma, toka ya kwanza, achia klachi ukiwa nyutro, kanyaga tena, ndipo uingize ya pili. Itakubali.

Baada ya siku saba, inua mpira mkubwa uguse kuzunguka mpira mdogo. Pawe pakavu. Pakiwa na oili, usiongeze kukaza boliti. Fungua, mpira umekunjika upande mmoja.